Chapa za mimea kwa jua: kusoma kasoro za sayanotaipu

Chapa ya sayanotaipu, yaani picha ya buluu inayochapwa kwa jua kwenye karatasi iliyopakwa dawa, ikiharibika, kinachotangulia kulaumiwa ni jua. Mara nyingi jua halina kosa. Kosa liko kwenye karatasi, kwenye dawa iliyokaushwa vibaya, au kwenye shina nene lililoinua kioo kwa milimita chache, na karatasi ilishaonyesha dalili kabla haijagusa maji. Anayejifunza kuitazama karatasi katika kila hatua hatahitaji kubahatisha.

Njia yenyewe haijabadilika sana tangu John Herschel, mwanasayansi wa Uingereza, alipoibuni mwaka 1842. Mwaka uliofuata Anna Atkins, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alianza kutoa kitabu chake cha mwani kwa njia hiyo hiyo: mmea unalazwa juu ya karatasi iliyopakwa dawa na kubanwa chini ya kioo, jua linafanya kazi, maji yanamalizia. Dawa ni mchanganyiko wa amonia feri sitrati na potasiamu ferisianidi. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, hubadili chuma kilicho kwenye sitrati, nacho kikikutana na ferisianidi huzaa buluu ya Prusia, ambayo haiyeyuki majini. Pale jani lilipokinga, dawa hubaki ilivyo na maji huiondoa. Kwa hiyo ukikuta kasoro, jiulize kwanza: je, buluu imezaliwa isipotakiwa? Haikuzaliwa ilipotakiwa? Au ilizaliwa vizuri halafu ikaharibiwa?

Vipande viwili kabla ya kupoteza mmea mzuri

Kata vipande viwili vyembamba kutoka karatasi ile ile uliyoipaka. Cha kwanza kitie majini moja kwa moja bila kukionyesha mwanga. Baada ya dakika chache kinapaswa kuwa cheupe kama upande ambao haukupakwa. Cha pili kianike juani kikiwa wazi hadi kigeuke kijivu, kisha kioshe. Kinapaswa kukupa buluu nzito.

Cha kwanza kikibaki na samawati, shida ni dawa, karatasi au mwanga ulioingia mapema, na hata ubadilishe muda wa kuanika mara ngapi hutaiondoa. Cha pili kikitoka hafifu, shida ni dawa, karatasi, maji au muda. Vyote viwili vikiwa safi lakini picha ya mmea mbovu, basi tafuta kwenye mmea wenyewe na namna ulivyobanwa. Jaribio hili linagharimu karatasi ya upana wa vidole viwili tu. Nawasihi wote wanaofanya kazi hii walifanye kila wanapofungua pakiti mpya ya karatasi au kuchanganya dawa mpya.

Zijue pia rangi za karatasi yenye afya. Ikishakauka gizani iwe ya manjano yenye ukijani. Juani inageuka kijani, halafu buluu ya kijani, halafu buluu iliyochafuka, na mwishoni kijivu chenye mng'ao wa shaba. Wengi huitoa ikiwa bado buluu nzuri kwa macho, na hapo ndipo inapowatoka majini.

Weupe umeingia samawati

Hapa buluu imezaliwa isipotakiwa. Tazama karatasi kabla ya kuianika. Ikiwa imekwisha kuwa na ukijani uliokolea au samawati, haifai tena, itupe. Sababu ya kawaida ni mwanga wa chumbani: taa za mirija na mwanga wa mchana unaopenya pembeni ya pazia vina urujuanimno wa kutosha. Balbu hafifu ya rangi ya manjano haina neno kwa dakika chache za kupaka.

Sababu ya pili ni joto. Kikausha nywele chenye hewa ya moto huivisha dawa badala ya kuikausha. Tumia hewa baridi, au acha karatasi ikauke yenyewe gizani. Sababu ya tatu ni umri pamoja na unyevu: karatasi iliyopakwa ikakaa siku kadhaa kwenye hewa nzito hujigeuza polepole hata gizani. Paka utakachotumia siku hiyo au kesho yake.

Karatasi ikiwa ya manjano safi kabla ya jua lakini sehemu ya jani ikatoka na samawati baada ya kuosha, basi mwanga umepita ndani ya jani. Jani jembamba si pazia. Likikaa juani muda mrefu, nalo linapitisha. Punguza muda, au kubali kwamba jani hilo litakuwa na rangi ya kati. Kwa maoni yangu picha nyingi za majani huwa nzuri zaidi hivyo, kwa sababu mishipa inaonekana.

Buluu inasombwa na maji

Karatasi ilionekana na picha, ukaitia majini, na wingu la buluu likatoka. Kutoka kwa maji ya manjano ni jambo zuri, hiyo ni dawa isiyotumika. Yakitoka ya buluu, kuna mambo matatu ya kuchunguza.

La kwanza ni muda mfupi juani. Kwa dawa ya kawaida na jua kali la mchana lisilo na wingu, dakika 5 hadi 20 hutosha. Jua likiwa chini miale yake hupita kwenye tabaka nene zaidi la hewa, na urujuanimno hupungua kwa kiasi kikubwa kuliko mwanga unaoonekana. Ndiyo maana asubuhi mapema au jioni macho yanakwambia kuna mwanga tele huku karatasi ikisuasua. Usihesabu dakika peke yake, tazama rangi. Ukingo wa karatasi usiofunikwa na kitu ukishafika kijivu cha shaba, itoe.

La pili ni dawa iliyokaa juu ya karatasi badala ya kuingia ndani. Imulike kwa ubavu: ikiwa na mng'ao au chembechembe za chumvi, umepaka nyingi mno. Karatasi ya sentimita 20 kwa 25 inatosheka na mililita 2 au 3. Karatasi zenye uso mgumu, zilizotiwa gundi nyingi kiwandani ili wino usisambae, nazo hukataa kunywa dawa. Hizo zipake kidogo, ziache zitulie kwa dakika chache kabla ya kukausha, au tafuta karatasi nyingine.

La tatu ni unyevu. Dawa ikiwa bado mbichi ndani ya nyuzi, inatoka kirahisi. Shika karatasi kwa mgongo wa kiganja. Ukisikia ubaridi, bado haijakauka.

Hapo hapo kuna jambo linalofanana na hili lakini ni kinyume chake. Eneo la kuzunguka mmea linatoka majini likiwa na mabaka mepesi, kana kwamba hayakuchomwa, ilhali karatasi ilikaa juani muda mrefu na ikawa ya shaba. Usiitupe. Mwanga mwingi huigeuza buluu yenyewe kuwa umbo lisilo na rangi, na hewa huirudisha. Iache ikauke, ukaitazame tena baada ya siku nzima. Mabaka yatakuwa yamejaa. Mwenye haraka aimiminie haidrojeni peroksaidi kidogo kwenye beseni la mwisho, kijiko kimoja kikubwa cha ile ya asilimia 3 kwa lita moja ya maji, na rangi itakolea mbele ya macho yake. Peroksaidi haiongezi chochote ambacho hewa isingeongeza, inaharakisha tu. Chapa ambayo haikupata jua la kutosha haitaokolewa nayo.

Buluu imebaki, lakini ni dhaifu

Hapa mshukiwa wangu wa kwanza ni chokaa. Karatasi nyingi nzuri za sanaa hutiwa kalsiamu kaboneti, yaani chokaa hiyo, kiwandani ili zisichakae kwa asidi. Kwa rangi za maji hiyo ni faida. Kwa buluu ya Prusia ni sumu, kwa kuwa rangi hii huvunjika penye alkali na kubaki na kutu ya manjano. Chapa inatoka ya kijivujivu, inakauka bila uhai, na miezi ikipita inazidi kupauka. Kwa hiyo karatasi inayouzwa kwa sifa ya kudumu kwenye makumbusho inaweza kuwa mbaya kabisa kwa kazi hii. Tafuta ya pamba tupu isiyotiwa chokaa.

Ukiwa na karatasi unayoipenda na unaishuku, iloweke kwenye mmumunyo wa asidi ya sulfamiki wa asilimia 10, ukivaa glavu na miwani ya kukinga macho. Vipovu vidogo vikianza kupanda kutoka kwenye nyuzi, umepata jibu: hicho ni chokaa kikiliwa. Iache hadi vipovu viishe, isuuze vizuri, ianike ikauke, kisha ndipo upake dawa.

Maji nayo yanaweza kuwa na alkali. Kipande cha majaribio kikitoka kizito kwenye maji yaliyotiwa tone la siki na hafifu kwenye maji matupu ya bomba, umeshajua. Tia chembe za asidi ya sitriki au siki kidogo kwenye beseni la kwanza tu, halafu endelea na maji ya kawaida bila kuloweka kupita kiasi.

Baada ya hayo ndipo uangalie vipimo. Gramu 25 za amonia feri sitrati kwenye mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi kwenye mililita 100 nyingine; changanya sawa kwa sawa unapotaka kupaka. Mchanganyiko huo haukai. Ukishapitisha saa kadhaa unaanza kujigeuza wenyewe. Mimina ukiwa wa manjano ya kijani.

Kioo kinastahili kutajwa pia. Kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha sehemu kubwa ya urujuanimno unaohitajika. Lakini kioo cha fremu kilichotengenezwa kulinda picha na mionzi, au plastiki ngumu yenye kinga ya aina hiyo, kitazuia kabisa kile unachokitafuta. Anika vipande viwili sambamba, kimoja chini ya kioo na kingine wazi, utaona.

Kingo za jani zimekuwa na ukungu

Kwa picha ya mmea, hii ndiyo kasoro inayouma kuliko zote. Rangi ya buluu inaweza kuwa kamilifu, weupe ukawa kama chumvi, lakini meno ya ukingo wa jani yakipotea, hutajua tena ni jani gani. Atkins alichapa mwani ili utambulike, na sifa hiyo ndiyo inayoitenga chapa ya mimea na mchezo wa vivuli.

Fikiria kilicho kati ya jani na karatasi. Jani likigusa karatasi, hakuna nafasi ya mwanga kujipenyeza. Likiinuka kwa sentimita moja, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Jua si nukta, lina upana wa takribani nusu digrii angani, na upana huo peke yake unafifisha ukingo kwa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita; hilo linavumilika. La pili ni zito zaidi: jua linasogea digrii 15 kwa saa. Katika dakika 15 kivuli cha kitu kilichoinuka sentimita moja kinahama zaidi ya nusu milimita, na meno ya jani la kangaga yanaweza kuwa madogo kuliko hapo. La tatu ni anga lenyewe. Sehemu kubwa ya urujuanimno haitoki moja kwa moja kwenye jua bali inatawanywa na hewa, inakuja kutoka kila upande na kuingia chini ya jani. Siku ya mawingu karibu mwanga wote ni wa namna hiyo, kwa hiyo kingo zinalainika hata ukisubiri muda unaofaa.

Kwa hiyo tiba ya ukungu wa kingo ni mgandamizo. Kausha mmea kwenye karatasi zinazonyonya maji, chini ya uzito, kwa wiki moja au mbili, ukibadilisha karatasi siku za mwanzo. Kwenye fremu weka sponji nyembamba au kitambaa kinene nyuma ya karatasi, ili shina linapoisukuma lizame nyuma badala ya kuinua kioo. Vibanio viwili kwenye pembe havitoshi. Banisha pande zote nne. Ielekeze fremu ilitazame jua uso kwa uso, kwa sababu mwanga wa kutoka ubavuni hurefusha kila kivuli. Chagua saa ya jua kali ili muda uwe mfupi, kivuli kisipate nafasi ya kuhama.

Shina likiwa nene, lichane katikati kwa urefu kwa wembe na ulaze upande uliokatwa chini. Vivyo hivyo kwa kichwa cha ua: ng'oa petali za nyuma, uache zile unazotaka zionekane. Wako wanaoona huko ni kuudanganya mmea. Sioni hivyo, mkusanyaji wa mimea hufanya vilevile anapotaka sehemu zote zionekane kwenye karatasi moja.

Tazama ukungu wenyewe kwa karibu, kwa lenzi ikiwezekana, maana unasema chanzo chake. Ukingo uliolainika pande zote sawasawa unatokana na mwanga wa anga na jani lililoinuka. Uliolainika upande mmoja tu ni jua lililohama. Ukiona mistari miwili, mmoja mkali na mwingine hafifu ndani au nje yake, jani lilikuwa bichi na lilijikunja au kunywea likiwa juani, na karatasi imeandika pale lilipokuwa na pale lilipoishia.

Madoa kuzunguka mmea

Mmea mbichi chini ya kioo chenye joto hutoa jasho. Matone yake huyeyusha dawa, huisukuma, na huacha duara za kahawia, kijani au nyeupe, kwa kawaida karibu na bua lililokatwa. Mimea yenye majimaji mengi na matunda ni mibaya zaidi. Ukitaka chapa safi, tumia mmea mkavu, au weka karatasi nyembamba angavu ya polyesta kati ya mmea na karatasi iliyopakwa. Unene wake ni mdogo mno kuharibu kingo.

Wako wasanii wanaotafuta madoa hayo kwa makusudi, wanarashia maji na siki na kuacha karatasi juani kwa saa nyingi. Ni kazi nzuri, lakini ina kanuni zake, na anayeifanya asitegemee kupata matokeo yale yale mara mbili.

Nukta kali za buluu na michirizi

Nukta ndogo nzito zinazotokea kabla hata ya jua ni chembe za chuma. Brashi yenye pete ya chuma ikianza kupata kutu huzimwaga kwenye kila karatasi. Tumia brashi isiyo na chuma, au funga pete yake kwa utepe. Michirizi inatokana na kurudiarudia kupaka wakati karatasi imeanza kukauka: pitisha kwa urefu, pitisha kwa upana, acha. Ukisugua zaidi unainua nyuzi, nazo zitatokea kama manyoya meusi ya buluu.

Manjano iliyobaki kwenye weupe

Hujaosha vya kutosha. Dakika 5 hadi 10 kwenye maji yanayobadilishwa mara kadhaa hutosha kwa karatasi nyingi. Nene zinataka zaidi. Manjano ikirudi baada ya wiki kadhaa kwenye chapa iliyokuwa nyeupe, bado kulikuwa na chumvi ndani. Ikiwa manjano imechukua mahali palipokuwa na buluu, rudi kwenye chokaa na alkali.

Ilikuwa nzuri, sasa imepauka

Mwanga wa muda mrefu huififisha buluu ya Prusia, lakini rangi hii ina tabia isiyo ya kawaida: ukiitia gizani penye hewa kwa muda, sehemu kubwa hurudi. Chapa ya ukutani iliyochoka ipumzishe kabla ya kuikatia tamaa. Iliyopauka kwa alkali hairudi hivyo. Kwa hiyo usiihifadhi kwenye bahasha au kadibodi iliyotiwa chokaa, na usiibandike kwa gundi yenye alkali.

Kwa chapa iliyo kwenye kitambaa, adui ni sabuni ya unga. Magadi yaliyomo huivua buluu katika mfuo mmoja na kuacha umbo la jani likiwa na rangi ya kutu. Fua kwa maji baridi na sabuni laini isiyo na alkali, na usitumie dawa ya kung'arisha nguo. Kabla ya kupaka, hakikisha kitambaa ni pamba, kitani au hariri na kimefuliwa wanga wa kiwandani utoke, polyesta haishiki.

Chupa za dawa

Mmumunyo wa sitrati huota kuvu, utando wa kijivu juu yake. Uchuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha ufanyie jaribio la vipande viwili. Vikitoka sawa, unafaa. Hifadhi kila mmumunyo kwenye chupa yake ya kahawia, mbali na mwanga. Fuwele za ferisianidi ziwe nyekundu ya machungwa. Zikionyesha buluu zimechafuliwa, huenda kwa kijiko kilichotumika kwenye chupa ya pili.

Ferisianidi haina sumu kali ikitumiwa ipasavyo, lakini ikichanganywa na asidi kali au kupashwa moto mkubwa inaweza kutoa gesi ya haidrojeni sianidi, ambayo huua. Siki kidogo kwenye beseni la kuoshea haifiki huko. Asidi ya sulfamiki ya kuandalia karatasi iwe na beseni lake, na karatasi isuuzwe hadi isibaki asidi kabla ya dawa kuikaribia. Vaa glavu, na vyombo vya kazi hii visirudi jikoni.